Seva na Hifadhidata ya Ofisi Yako: Jinsi ya Kuchagua Programu Huria Zitakazodumu

Kaptembwo ina biashara nyingi zilizoanza na daftari moja na sasa zina matawi mawili au matatu: maduka ya vifaa vya ujenzi, shule za binafsi, maduka ya dawa, vyama vya akiba na mikopo, na sacco za matatu. Nyingi zimehama kutoka kwa daftari hadi kwa kompyuta, lakini kwa desturi ileile ya daftari. Rekodi zote ziko katika faili moja la Excel, ndani ya kompyuta moja, mbele ya karani mmoja. Kompyuta hiyo ikiibwa, ikiungua au ikiingiwa na virusi, akiba za wanachama, karo za wanafunzi na madeni ya wateja hupotea kwa siku moja.

Makala haya yanawalenga wenye kampuni ndogo, maafisa wa sacco, walimu wakuu na vijana mafundi wanaoitwa kuweka mitambo hiyo. Yanaeleza jinsi ya kuchagua programu huria za seva na hifadhidata kwa mtandao wa ndani wa ofisi. Jambo kuu ni hili: programu hizi nyingi ni nzuri, na tofauti kati yake ni ndogo kuliko watu wanavyobishana. Kinachoamua kama rekodi zako zitakuwepo miaka kumi ijayo ni nani atakayeitunza seva, na kama unaweza kuzirejesha rekodi siku mtambo utakapoharibika.

Mtandao wa ndani ni nini?

Mtandao wa ndani, au intraneti, ni mtandao wa kompyuta za ofisi yako pekee. Kompyuta moja hufanywa seva, yaani mtumishi wa nyingine zote. Zile nyingine huunganishwa nayo kwa kebo au kwa Wi-Fi ya ofisi, na wafanyakazi hufungua mfumo kwa kutumia kivinjari kilekile wanachotumia kusoma habari.

Faida yake ni kwamba kazi haisimami intaneti inapokatika. Tarehe 12 Mei 2024, kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika na intaneti ikazorota kote Afrika Mashariki. Ofisi iliyokuwa na rekodi zake zote ng'ambo ilikwama. Ofisi yenye seva chini ya paa lake iliendelea kutoa risiti na kuangalia hesabu kama kawaida.

Programu huria ni nini?

Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi. Mtu yeyote anaweza kuusoma, kuutumia, kuubadilisha na kumpa mwenzake nakala bila kulipa leseni. Programu za kulipia mara nyingi huhesabiwa kwa idadi ya watumiaji au kwa ukubwa wa seva, kwa hivyo gharama hupanda kila unapoajiri karani mpya. Programu huria hazina malipo hayo.

Zinasaidia pia kuepuka kishawishi ambacho kila mtu anakijua: kuwekewa programu ya kulipia iliyovunjwa leseni. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inalinda programu za kompyuta sawa na inavyolinda vitabu na nyimbo. Isitoshe, programu iliyovunjwa mara nyingi huja na virusi ndani yake na haipati masasisho ya usalama.

Hata hivyo, huria si sawa na bure kabisa. Utalipia kompyuta, kebo, betri, kazi ya fundi na mafunzo ya wafanyakazi. Anayekuambia mfumo wote hautakugharimu chochote hajakuhesabia hayo.

Fundisho kutoka Mosoriot

Mfano mzuri hatuhitaji kuutafuta mbali. Februari 2001, kituo cha afya cha Mosoriot, kijijini Nandi karibu na Eldoret, kilianza kuweka rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Kabla ya hapo taarifa zilezile zilikuwa zikinakiliwa kwenye madaftari kadhaa ya kliniki. Mfumo wenyewe ulikuwa mdogo, nao uliwekewa umeme wa akiba kwa sababu stima haikuaminika. Kwa miezi 6 ziliingizwa ziara 10,000 za wagonjwa 6,190, na muda wa mgonjwa kituoni ulipungua kwa asilimia 22.

Programu iliyotumika ilikuwa Microsoft Access, ambayo wengi wa ofisini waliijua. Ilifaa kuanzia, lakini faili moja la Access haliwezi kuzidi gigabaiti 2, na halikutengenezwa kwa mamia ya watumiaji. Kazi ilipopanuka hadi kliniki nyingi za magharibi mwa Kenya, watu wa Indiana na Eldoret walishirikiana na wenzao kutengeneza mfumo huria wa OpenMRS, ulioanza mwaka 2004 na kutumika Eldoret mwaka 2006. Rekodi zake hukaa katika hifadhidata huria ya MySQL. Kutoka kwa OpenMRS ulizaliwa KenyaEMR mwaka 2012, ambao leo unatumika katika mamia ya vituo vya afya nchini.

Kuna mafunzo mawili hapo. La kwanza ni kuanza na kidogo ambacho watu wako wanaweza kukitunza, huku umeme wa akiba ukiwa sehemu ya mpango tangu siku ya kwanza. La pili ni kuchagua mahali ambapo rekodi zinaweza kutoka. Mosoriot haikubaki kwenye programu ya kwanza, na siku moja wewe pia utahitaji kuhama.

Hatua ya kwanza: mfumo endeshi wa seva

Seva nyingi duniani hutumia Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Linux hutolewa kwa mikupuo mbalimbali, na kwa ofisi ndogo miwili inatosha kufikiriwa.

Debian imekuwepo tangu 1993 na huendeshwa na watu wa kujitolea, bila kampuni inayoimiliki. Ubuntu ilianza mwaka 2004 juu ya msingi wa Debian, ikiongozwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina lake ni neno la lugha za huko lenye maana ya utu. Kila baada ya miaka miwili, mwezi wa Aprili, Ubuntu hutoa toleo la muda mrefu ambalo hupewa masasisho ya usalama kwa miaka 5. Kwa seva, chukua toleo hilo la muda mrefu, usichukue yale ya katikati.

Kuuliza toleo litahudumiwa hadi lini ni jambo la lazima. Kwa miaka mingi mafundi wa Kenya walipenda mfumo wa CentOS. Toleo lake la 8 lilitolewa Septemba 2019, na wengi walitarajia litadumu hadi 2029. Desemba 2020, wasimamizi wake walitangaza kuwa huduma ingekoma tarehe 31 Desemba 2021. Walioliweka wakitegemea miaka kumi walilazimika kuhama baada ya miaka miwili hivi. Msimbo ulikuwa wazi na watu wengine wakautumia kuanzisha AlmaLinux na Rocky Linux, kwa hivyo njia ya kutokea ilikuwepo. Hata hivyo, kazi ya kuhama ilibaki kwa mwenye seva.

Juu ya mfumo endeshi huwekwa programu ya kutoa kurasa kwa vivinjari. Apache, ya mwaka 1995, na Nginx, ya mwaka 2004, zote zinafaa. Ofisi yenye wafanyakazi 10 au hata 50 haitaona tofauti ya kasi. Tumia ile fundi wako anayoijua.

Hatua ya pili: hifadhidata

Hifadhidata ndiyo moyo wa mtambo, kwa sababu ndiyo inayobeba rekodi zenyewe. Ili kuona inavyotofautiana na faili la Excel, chukulia mwanachama wa sacco ameleta shilingi 5,000: 3,000 za kulipa mkopo na 2,000 za akiba. Hifadhidata nzuri hushika hatua hizo mbili kama muamala mmoja. Stima ikipotea katikati, mtambo ukiwaka tena hifadhidata husoma kumbukumbu yake na kuhakikisha hatua zote mbili zimeingia, au hakuna hata moja. Kwenye faili la Excel, karani anaweza kuhifadhi ya kwanza na stima ikapotea kabla ya ya pili. Hesabu haitalingana mwisho wa mwezi, na mwanachama na karani watabaki kulaumiana.

Hifadhidata pia huruhusu makarani wengi kuandika kwa wakati mmoja bila mmoja kufuta kazi ya mwenzake. Unaweza kumpa kila mtu ruhusa yake: karani wa mapokezi aandikishe malipo, lakini asiweze kubadilisha mkopo ulioidhinishwa.

Hifadhidata huria zinazofaa kufikiriwa ni tatu.

SQLite, ya mwaka 2000, ni faili moja tu na haihitaji seva ya pekee. Inafaa duka moja lenye karani mmoja au wawili. Udhaifu wake ni kwamba mwandishi huwa mmoja kwa wakati mmoja. Makarani wakiwa wengi watangojeana.

MySQL na MariaDB ni ndugu. MySQL ilianza mwaka 1995 na ilienea sana kwenye tovuti. Mwaka 2010 iliingia mikononi mwa kampuni ya Oracle iliponunua kampuni ya Sun. Mwanzilishi wake Michael Widenius alikuwa amekwisha kuanzisha MariaDB kutoka kwa msimbo uleule mwaka 2009, kwa kuhofia mustakabali wa MySQL chini ya mwenye mali mpya. Programu nyingi zilizo tayari, pamoja na mifumo ya kuendesha tovuti, hutegemea moja kati ya hizi mbili, na mafundi wanaozijua ni rahisi kupatikana.

PostgreSQL ilitokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ulioanza mwaka 1986. Haimilikiwi na kampuni yoyote. Hutoa toleo kubwa kila mwaka, na kila toleo huhudumiwa kwa miaka 5. Inasifika kwa ukali wake: ukiandika tarehe 30 Februari, inaikataa. Nchini Kenya imebeba mzigo mkubwa tayari, kwani mfumo wa DHIS2 ambao Wizara ya Afya imeutumia nchi nzima tangu 2011 kukusanya takwimu za vituo vya afya umejengwa juu yake.

Uchague ipi? Kama programu unayotaka kutumia imekwisha kuchagua hifadhidata yake, ifuate. Kama unatengenezewa mfumo mpya unaohusu pesa za watu, PostgreSQL ni chaguo salama. Kama fundi unayeweza kumpata Nakuru anaijua MariaDB vizuri na hajawahi kugusa PostgreSQL, chukua MariaDB. Mtambo ambao fundi wake yuko karibu na anaujua unashinda mtambo bora ambao hakuna wa kuurekebisha Jumatatu asubuhi.

Hatua ya tatu: stima

Tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima, na ikapotea tena kwa kiwango hicho Novemba na Desemba mwaka huohuo. Mbali na siku hizo kubwa, kila mkazi anajua stima inayopotea dakika mbili na kurudi kwa kishindo. Seva iwekewe betri ya UPS, na iunganishwe nayo kwa kebo ya taarifa ili seva ijizime yenyewe kwa utaratibu betri inapokaribia kuisha. Fundi wengi huweka betri na kusahau kebo hiyo. Weka ruta na swichi kwenye betri hiyohiyo, kwa sababu seva iliyo hai haina faida kama njia ya kuifikia imezimika.

Si lazima seva iwe mashine ya bei kubwa. Kwa ofisi ndogo, kompyuta nzuri iliyotumika inaweza kutosha, mradi diski zake ziwe mpya, ziwe mbili, na zote mbili zishike rekodi zilezile ili moja ikifa kazi iendelee.

Hatua ya nne: nakala za akiba

Hapa ndipo ofisi nyingi huanguka, kwa hivyo tutaeleza kwa kirefu.

Diski mbili ndani ya seva si nakala ya akiba. Karani akifuta rekodi kwa bahati mbaya, inafutika kwenye diski zote mbili papo hapo. Mwizi akibeba seva, amebeba zote mbili. Desturi inayofuatwa na mafundi wengi duniani ni kuwa na nakala tatu za rekodi, kwenye vifaa vya aina mbili tofauti, na moja kati yake ikiwa mbali na jengo. Kwa ofisi ya Kaptembwo, hiyo inaweza kuwa seva yenyewe, diski ya nje inayofungiwa kabatini, na diski nyingine inayopelekwa kila Ijumaa kwa mweka hazina au kwenye tawi lingine. Diski inayotoka nje ya ofisi isimbwe kwa nenosiri, ili anayeiokota asiweze kuisoma.

Usinakili mafaili ya hifadhidata kwa mkono huku ikiendelea kufanya kazi. Nakala hiyo inaweza kuwa imekatika katikati ya muamala na isifunguke tena. Kila hifadhidata ina kifaa chake cha kutoa nakala kamili, kama vile pg_dump kwa PostgreSQL na mariadb-dump kwa MariaDB. Fundi aipange seva ifanye hivyo yenyewe kila usiku.

Kisha ijaribu. Mara moja kila miezi mitatu, chukua nakala ya wiki iliyopita, ifungue kwenye kompyuta nyingine, na uangalie kama akaunti za wanachama watano uliowachagua zinalingana na stakabadhi za karatasi. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa haijulikani kama ni nakala au ni faili tupu.

Hatua ya tano: kuziba milango

Mtandao wa ndani ubaki ndani. Januari 2017, maelfu ya hifadhidata za MongoDB duniani zilifutwa na wahalifu waliodai walipwe ndipo wazirudishe. Hawakuhitaji ujanja mkubwa, kwa kuwa hifadhidata hizo zilikuwa zimeachwa wazi kwenye intaneti bila nenosiri. Hifadhidata yako isionekane kutoka nje hata kidogo. Tawi la pili likihitaji kuifikia, fundi aweke njia ya siri ya VPN kati ya ofisi mbili.

Wi-Fi ya wageni itengwe na mtandao wa kazi. Kila mfanyakazi awe na jina na nenosiri lake, na siku anapoacha kazi, jina hilo lifungwe siku hiyohiyo. Masasisho ya usalama yawekwe kila wiki.

Sheria inasemaje?

Ukishaweka majina, nambari za simu na vitambulisho vya watu kwenye seva, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakuhusu. Unatakiwa kukusanya yale tu unayoyahitaji, kuyalinda, na kumwonyesha mtu taarifa zake anapoomba. Taarifa zikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru mwenye taarifa hizo, Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72. Faini inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kiwango kilicho cha chini kati ya hivyo viwili.

Kwa mujibu wa kanuni za 2021, biashara yenye wafanyakazi chini ya 10 na mapato yasiyofika shilingi milioni 5 kwa mwaka haikulazimika kujisajili na Ofisi ya Kamishna. Msamaha huo haukuhusu baadhi ya kazi, zikiwemo shule, huduma za afya, huduma za fedha na uchukuzi. Sacco au kliniki ndogo isifikirie kuwa udogo unaiondoa. Kuthibitisha hali yako, uliza Ofisi ya Kamishna wa Data yenyewe.

Maswali ya kumuuliza fundi kabla ya kulipa

1. Mfumo endeshi na hifadhidata unavyoweka ni toleo gani, na masasisho yake yatakoma mwaka gani?
2. Nenosiri kuu litakaa kwa nani? Lazima liwe mikononi mwa kampuni, ndani ya bahasha iliyofungwa, wala si kwa fundi peke yake.
3. Nionyeshe jinsi ya kutoa rekodi zangu zote kwa muundo ambao programu nyingine inaweza kuusoma.
4. Rejesha nakala ya akiba mbele yangu, kwenye kompyuta nyingine, kabla sijamaliza malipo.
5. Ni nani mwingine Nakuru anayeweza kuishika kazi hii ukihama au ukiugua?
6. Maelezo ya mtambo yameandikwa wapi? Kurasa mbili tu zinatosha, mradi mtu mwingine aweze kuzifuata.

Fundi mzuri hatakasirishwa na maswali haya.

Pa kuanzia

Usihamishe kila kitu kwa siku moja. Anza na rekodi ya aina moja, kwa mfano malipo ya wanachama au karo, na uendelee kuandika daftari sambamba kwa miezi miwili. Hesabu za daftari na za seva zikilingana kwa miezi hiyo yote, leta rekodi nyingine.

Kama ofisi haina fundi, Chuo Kikuu cha Egerton, Chuo Kikuu cha Kabarak na Rift Valley National Polytechnic hufunza vijana masomo ya kompyuta, na wengi wao hutafuta nafasi za mafunzo kazini kila mwaka. Kijana wa Kaptembwo, Rhonda au Shabab anayejua Linux anaweza kuziangalia ofisi ndogo kadhaa kwa siku chache kwa mwezi, na ofisi hizo zikagawana gharama.

Ikiwa mambo yote yaliyoandikwa hapa yamekuzidi kwa sasa, fanya moja leo kabla ya kufunga ofisi: nakili faili la hesabu kwenye diski nyingine, uifunge kwa nenosiri, na uipeleke mahali ambapo si ofisini.